Muhula wa Kumtazama Iman

Jumanne, 9 Septemba

Shule zilifunguliwa wiki iliyopita, mvua imefunguliwa leo. Iman kaingia darasa la kumi na moja, mwaka wa mitihani, na mimi nimeingia sura ya kwanza. Kila mtu na msiba wake.

Nieleze, maana daftari jipya halijui kitu. Tunakaa mtaa wa Acocks Green, huku kwa Waingereza, vyumba viwili na jiko, mimi na mwanangu. Alfajiri napanda basi namba kumi na moja hadi Harborne, nafanya kazi jikoni hospitalini mpaka saa saba mchana, kisha narudi nyumbani kuwa mtu mwingine: mfasiri. Mchapishaji wa Dar es Salaam amenipa riwaya ya Mmarekani, Elam Prewitt, aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita akiwa na miaka thelathini na minne tu. Anataka tafsiri pamoja na utangulizi wa maisha yake ifikapo tarehe ishirini Desemba. Riwaya yenyewe nimeipa jina *Povu la Jumatatu*. Ni habari za Nell, dobi wa Chicago, binti wa mlevi, na kila ukurasa unamsogeza shimoni. Prewitt alikuwa katika wale walioamini kuwa binadamu hana hiari kubwa: ni damu aliyorithi na mtaa aliokulia, basi. Wataalamu wanaita uasilia. Bibi yangu kule Wete alisema hayo hayo bila kutumia kurasa mia tatu: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Daftari nitaliacha hapa hapa mezani jikoni. Sina wa kumficha. Iman namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, ndivyo tulivyo tangu ana miaka mitatu. Kiswahili chake ni cha kuitwa kula.

Jumapili, 14 Septemba

Kurasa nne. Mgongo unauma.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeanza kusoma barua za Prewitt kwa ajili ya utangulizi, na huyu bwana ananitia wazimu kwa uzuri wake. Alikuwa na dada, Cora, dobi kweli kweli. Kwa miaka miwili alikwenda kukaa jikoni kwake, kiti karibu na jiko, daftari juu ya goti. Aliandika kila kitu: alichokula dada, alivyokohoa, mara ngapi alikaa kupumzika. Kutoka hapo akampata Nell. Anasema mwandishi asihukumu wala asisaidie, atazame tu, kama daktari anavyotazama kidonda.

Nami nimejaribu, kwa mchezo. Iman, saa kumi na mbili jioni: viazi vya kukaanga, kavibakisha nusu. Simu kailaza uso chini. Hereni moja tu, ya kushoto. Anajibu neno moja moja. Hacheki.

Lo! Kumbe ndivyo inavyofanywa. Nimeandika mistari michache tu na tayari anaonekana mtu wa kitabuni.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimezungumza na dada yangu Mize, yuko Wete, saa nzima kwa simu, sauti juu kama kawaida yetu. Nimemwambia Iman kila siku anazidi kufanana na baba yake, na mimi nachelea.

Muzamil, huyo baba yake, anakaa mtaa wa Kings Heath, basi langu linapita huko. Tuliachana Iman akiwa na miaka mitano. Hakunipiga, hakunitukana. Alikuwa mtu wa kupotea tu. Anatoka Jumatatu kwenda kazini, anarudi Alhamisi na hadithi. Na alisimulia vizuri, ndiyo taabu yake. Unacheka halafu unakumbuka kuwa umekasirika. Kazi aliacha wiki ya tatu, kila kazi. Baba yake kule Chake Chake alikuwa hivyo hivyo, na babu pia, wanasema. Iman tangu hapo kaongea naye sikukuu tu, kwa simu, mimi nikiwa pembeni.

Nimemwambia Mize: "Yule ni Muzamil mtupu. Mwendo, macho, mpaka anavyonyamaza. Mtoto wa nyoka, dada." Iman alikuwa anaosha vyombo, hatua mbili kutoka nilipokaa. Hata hakugeuka.

Ijumaa, 3 Oktoba

Shule wamepiga. Juzi Jumatano Iman hakuwepo vipindi vya mchana. Nimemuuliza, kajibu kichwa kilimuuma, akaenda kupumzika. Wapi? Mabega juu, mabega chini.

Unaona sasa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jana tena. Jumatano. Sikumuuliza. Nimeandika tarehe.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo nimemwona kwa macho yangu.

Nilikuwa ghorofa ya juu ya basi, narudi kutoka kazini, mvua ya manyunyu, vioo vimejaa ukungu. Tulipofika High Street ya Kings Heath foleni ikatushika. Nikafuta kioo kwa kiganja. Na huyo, ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la mkate: Iman na sare yake ya shule, mkoba begani, saa nane kasorobo mchana. Yuko peke yake. Anaangalia huku na huku kama mtu anayesubiri.

Mama yeyote angeshuka. Mama yeyote angebonyeza kengele, angeshuka ngazi mbili mbili, angevuka bila kuangalia magari. Mimi nilifungua mkoba nikatoa daftari hili, maana siku hizi nakwenda nalo kazini. Naapa sikuamua, mkono ulikwenda wenyewe. Nikaandika: *koti halikufungwa, nywele zimelowa, anahamisha uzito mguu wa kushoto, kama baba yake akingoja kusema uongo*. Nikafurahia hiyo sentensi ya mwisho. Nikaisoma tena. Nilipoinua kichwa basi lilikuwa limeshapita vituo viwili na Iman hayupo.

Alirudi nyumbani saa kumi na moja. Nikamuuliza shule ilikuwaje. Nzuri. Nikamwekea chakula. Nilisema moyoni, subiri, usimshtue, tazama mpaka uone mwisho wake. Hayo si maneno yangu, ni ya Prewitt, lakini yalikaa kinywani mwangu kama yangu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimemhadithia Zilpah. Tunafanya kazi jiko moja, yeye ni wa Kisii, Mlokole, na ulimi wake haujui kona. Alikuwa anamenya karoti. Akaiweka chini ile karoti.

"Yaani ulimwona mtoto, na ukakaa tu kwa basi ukiandika?"

Nikamweleza habari za uasilia, na jinsi mtu anavyoweza kujifunza kwa kutazama. Alinisikiliza mpaka mwisho, masikini, kisha akasema huyo mzungu wangu amekufa na hana mtoto wa kwenda shule.

Jumatano, 29 Oktoba

Likizo ya katikati ya muhula. Iman kalala mpaka saa sita. Mvua. Sura ya kumi na mbili.

Jumatano, 5 Novemba

Fataki mtaa mzima, desturi ya Waingereza kila tarehe hii, paka wa jirani kajificha chini ya sofa yetu. Iman kaingia saa moja usiku. Alisema alikuwa maktaba. Viatu vyake vimekauka, na nje mvua haijakatika tangu asubuhi. Nimeandika: *viatu vikavu*.

Jumatano, 12 Novemba

Nell kaanza kunywa. Prewitt anaandika vizuri mno hapa, mpaka nikasahau chungu motoni. Baba yake Nell alikunywa, basi mkono wa Nell unajua wenyewe njia ya chupa. Nimefasiri kurasa tisa bila kuinuka.

Shule wamepiga tena. Na hapa lazima niseme ukweli, maana kama siusemi kwenye daftari langu nitausema wapi. Niliposikia ile sauti ya mwalimu ikisema "leo mchana tena", kitu ndani yangu kilifurahi. Kidogo tu. Kwa sababu nilikuwa nimebashiri sawa. Astaghfirullah. Mama gani huyu?

Nikampelekea Mize ujumbe wa sauti, nikasema damu haikatiki, nikasema atamaliza shule kwa miujiza. Iman alikuwa sebuleni. Mlango wazi.

Alhamisi, 20 Novemba

Barua imefika kwa kompyuta kutoka maktaba ndogo ya mji mmoja Illinois. Niliwaandikia mwezi uliopita kuuliza Cora aliishia wapi, nilitaka sentensi moja tu ya utangulizi. Kwenye riwaya Nell anafia uchochoroni na miaka ishirini na tisa, na vitabu vyote nilivyosoma vinasema Nell ndiye Cora.

Cora Prewitt alikufa na miaka themanini na moja. Aliacha udobi, akaendesha nyumba ya kulaza wageni, akaimba kwaya ya kanisa kwa miaka arubaini. Hakuwa mlevi. Mkutubi ameniandikia kwamba wajukuu wa ndugu walikumbuka jambo moja: jina la Elam lilikuwa halitajwi nyumbani kwake. Kitabu kilipotoka, mtaa mzima walijua ni yeye, na wateja wakaanza kumnusa mdomo alipopeleka nguo. Akahama mji.

Nimeisoma barua mara tatu. Alikaa miaka miwili jikoni kwa yule mwanamke, akahesabu mpaka kikohozi chake, na hakumwona.

Jumatano, 26 Novemba

Leo naandika mpaka mkono uchoke, maana sijui la kufanya na mikono.

Shule walipiga saa nane. Nilikuwa nimeshafika nyumbani. Nikakaa sebuleni na koti langu mwilini mpaka Iman alipoingia, saa kumi na mbili. Nikamuuliza kwa Kiingereza, ili asipate pa kujificha: Jumatano unakwenda wapi?

Akavua viatu. Akavipanga. Kisha akanijibu, na nilidhani mtu mwingine kaingia nyumbani, kwa sababu alinijibu kwa Kiswahili. Kiswahili cha Wete, lafudhi ya Mize ile ile, kila neno mahali pake.

"Nakwenda kwa Baba. Nilimtafuta mwenyewe, yeye hakuniita. Tunakunywa chai, tunaangalia tivii, narudi."

Nikasema, kwa nini? Kwa nini usiniambie?

"Ulimwambia Mama Mize mimi ni Baba mtupu. Mimi simjui Baba. Nikaenda kumtazama, nijue nitakuwa nani."

Alikuwa ananiangalia usoni, hakupandisha sauti. Akasema amesikia yote, miaka yote. Alisikia nilipomwambia Mize kuwa ni mvivu, alikuwa na miaka minane. Alisikia habari za talaka. Alisikia nyoka. Na daftari pia amelisoma, polepole, maneno mengine akiyatafuta.

"Umeandika sicheki," alisema. "Sikucheka kwa sababu ulikuwa unaniandika."

Kisha akasema la basi. Siku ile Kings Heath alikuwa anamsubiri baba yake, na aliona basi limesimama, na akaniona mimi dirishani ghorofa ya juu. Aliogopa, halafu akasema potelea mbali, bora aniambie leo leo. Akanipungia mkono. Akapunga tena. Mimi nimeinamisha kichwa.

Sisi Waswahili wa huku sote tunalifanya hili. Mtoto akishajibu Kiingereza tunamhesabu kiziwi. Tunasema mbele yake mambo ambayo tungefunga mlango kuyasema mbele ya mgeni. Nimewacheka wenzangu kwa hilo, harusini, vikaoni. Mkuki kwa nguruwe.

Nilitaka kumwomba msamaha na kinywa kikakataa. Badala yake nikasema, Mungu anisamehe, kwamba hakupaswa kusoma daftari la mtu. Akaitikia kwa kichwa kama aliyetarajia hilo. Akaingia chumbani, akatoka na mkoba na sare ya kesho. Akasema atakaa kwa baba yake mpaka shule ifungwe, na baada ya hapo atajua mwenyewe.

Sikumzuia.

Ijumaa, 28 Novemba

Muzamil kaleta meseji: mtoto yuko salama, shuleni anakwenda, yeye mwenyewe anampeleka. Nimepiga shule kuhakikisha. Ni kweli.

Jumapili, 30 Novemba

Nimepika wali wa watu wawili.

Jumanne, 2 Desemba

Kurasa sifuri.

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua, upepo, mti umeangukia reli, treni hazipiti. Nimempigia Iman, hakupokea. Kurasa sifuri.

Jumapili, 7 Desemba

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo, kwa macho yake. Nilitafuta mahali nilipoandika kuwa nampenda. Hakuna. Viazi vipo, hereni ipo, viatu vikavu vipo. Mtu asiyetujua akilisoma atadhani mimi ni askari kanzu.

Nampenda. Tangu siku aliyozaliwa, hospitali ya hapa hapa, usiku wa barafu, nampenda mpaka naogopa. Nilimwogopa Muzamil ndani yake kwa sababu Muzamil nilimpenda na akapotea. Hilo Prewitt hakuniambia, nimelitoa mwenyewe.

Alhamisi, 11 Desemba

Zilpah kaniuliza kama nimeshakwenda Kings Heath. Nikamwambia mtoto anajua nyumbani, mlango uko wazi. Akaniuliza kama nimemwambia pole. Nikamweleza kwamba kwetu radhi inatoka kwa mzazi. Mtoto ndiye anayeinama, ndiye anayeomba, hata akiwa na mvi. Sijapata kuona mama Wete akimwomba mtoto samahani. Mama yangu alinipiga siku moja kwa kosa la Mize, na alipogundua alinipa andazi kubwa zaidi. Ndiyo ilikuwa samahani yake, na nilielewa.

Zilpah akasema, "Kwani wazazi wa huko kwenu hawakosangi?"

Nikasema wanakosa.

"Sasa nani huwaambia?"



Jumamosi, 13 Desemba

Nimekwenda.

Anakaa juu ya duka la simu, ngazi nyembamba. Muzamil kafungua mlango na kandambili miguuni, ndevu zimeingia mvi, kanenepa. "Karibu, Mama Iman." Nilimtazama vizuri, kwa ufundi wangu wote wa muhula mzima, nikitafuta yule wa Jumatatu mpaka Alhamisi. Sikumpata, na sikuwa na hakika kuwa hayupo. Anaendesha gari la vifurushi, mwaka wa tatu sasa kampuni hiyo hiyo. Labda ataacha kesho. Sijui. Ni ajabu jinsi inavyopumzisha kusema sijui. Akatuwekea chai akasema ana nguo za kutoa mashineni, akatuachia sebule.

Iman kakaa ukingoni mwa sofa. Anaonekana kachoka. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yenye utangulizi na hitimisho, na yote yakanitoka. Nikashuka nikakaa chini kwenye zulia.

Nikasema, "Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Kauliza, kwa Kiswahili, kama kweli nilidhani atakuwa mtu wa hovyo. Ningeweza kumdanganya, na ingekuwa rahisi, na angejua.

"Nilidhani," nikasema. "Na siku moja shule walipopiga nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa nimesema sawa. Nililia baadaye, lakini kwanza nilifurahi."

"Nimeisoma," akasema. "Nilitaka uniambie wewe."

Machozi yakamshuka, nami yangu, hapo zuliani, na Muzamil kule anakung'uta mashuka kwa kelele ili tujue hasikilizi. Nilimwambia nampenda. Nililisema kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza pia ili lisipungue. Alinishika bega. Hakunikumbatia. Akasema hajui kama atarudi, anataka kufikiri, na baba yake hana neno, akae au aondoke.

Nikasimama, nikavaa koti. Nilipofika mlangoni kaniita.

"Nikirudi, usiniandike."

Nikamwambia sitamwandika.

"Hata mazuri?"

"Hata mazuri."

Jumatatu, 15 Desemba

Nimeufuta utangulizi wote, nimeuanza upya na Cora. Nyumba ya wageni, kwaya, miaka themanini na moja. Nimeandika kwamba riwaya ni nzuri sana na kwamba ilimdhulumu mtu. Mchapishaji asipotaka ataniambia.

Alhamisi, 18 Desemba

Sura ya mwisho. Nell kafa. Nimefasiri alivyoandika, neno kwa neno, maana kitabu ni chake. Nimelia, na hasira juu.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimetuma kila kitu, saa tatu asubuhi. Shule zilifungwa jana. Simu iko kimya. Nimefagia chumba chake, kisha nikaogopa kuwa nimegusa vitu, nikarudisha kila kitu kilivyokuwa. Nimetoka kutembea, nimerudi, nimetoka tena. Kila basi linaloshusha abiria naliangalia, kisha najikataza kuangalia.

Jumapili, 21 Desemba

Iman amerudi. Mengine ni yake.